Kitanda cha Pili Melini

Bandarini, 9 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kabla upepo wa huku haujazipeperusha, maana unavuma kutoka kila upande na jana umemnyang'anya mpishi kofia mbele ya abiria. Mimi mzima. Kikohozi kimeisha. Nakula vizuri, kwa hiyo usianze.

Kazi inaendaje? Yule muuza nyama bado anaacha mlango wa friza wazi halafu anakulaumu wewe kwamba haigandishi? Msalimie fundi viatu, mwambie buti alizonishonea hazijaingiza maji hata tone.

Najua tulikubaliana kuandikiana kwa sababu kwenye simu tunagombana. Mimi naongea juu ya maneno yako, wewe unakata kabla sijamaliza. Basi sasa sikiliza, huwezi kukata.

Kesho tunang'oa nanga kwenda kusini kabisa, kwenye barafu. Huu ni msimu wangu wa tatu wa kuendesha boti za mpira, zile zinazowashusha wasafiri kutoka melini na kuwapeleka nchi kavu. Na mfanyakazi aliyefikisha misimu mitatu anaruhusiwa kumleta ndugu mmoja kwenye safari ya mwisho, mwezi wa tatu. Nauli wanashughulikia wao. Kabini yangu ina vitanda viwili, na cha pili hakina mtu.

Unakumbuka nilivyokuwa mdogo, ukifungua friza mbovu karakanani ulikuwa unaninyanyua nikwangue ule ugando wa ukutani kwa kucha? Ulikuwa unasema, "Siku moja nitaona barafu ambayo hakuna fundi aliyeitengeneza." Mimi nimeiona, Mjomba, mwaka wa tatu huu, na kila nikiiona nahisi kama nimekaa kwenye kiti cha mtu.

Njoo tuitazame pamoja. Nahodha anataka jibu kabla ya katikati ya Februari.

Mpwa wako,
Kijiko


Nyumbani, 30 Novemba

Mpwa wangu Kijiko,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika na alama ya kikombe cha chai juu ya bahasha, sijui ni chai ya posta au ni yako. Sisi huku tunaendelea vizuri, hakuna la kutisha.

Muuza nyama ni yule yule. Juzi nimemkuta ameweka kiti kuzuia mlango wa friza usifunge, eti apate ubaridi wakati anakata nyama. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hiyo ni friza, si feni." Amenuna mpaka leo. Fundi viatu amepata wajukuu mapacha na hafanyi kazi tena, anawapima miguu tu.

Mimi siku hizi nafunga karakana saa sita mchana. Umri. Chumba chako nimekipaka rangi, kijani laini, kimekaa vizuri. Bafuni nimefunga chuma cha kushikia ukutani, maana ile sakafu inateleza.

Kuhusu safari. Mwanangu, nimeshughulika na barafu maisha yangu yote, lakini ya kwangu yote ina plagi. Nikiona baridi nachomoa. Huko nitachomoa nini? Halafu koti sina, na bahari sijawahi kuipanda. Na muuza nyama je? Nani atagombana naye?

Tuangalie mambo yanavyokwenda. Usimwambie nahodha ndiyo, wala usimwambie hapana.

Jifunike kichwa. Najua hujifuniki.

Mjomba wako


Bandarini, 22 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta hapa tuliporudi kupakia mafuta na chakula. Nimeisoma nimesimama gatini, nikaisoma tena kitandani. Naomba uwapongeze wale mapacha kwa niaba yangu. Mimi sijambo, pua tu imebabuka kwa jua. Ndiyo, kwenye barafu jua linaunguza.

Nikueleze kidogo ili uache visingizio. Kabla ya kushuka, kila mtu anasugua buti zake kwa brashi na dawa, tusije tukabeba mbegu au uchafu wa kwetu tukaupeleka kule. Daktari bingwa, jaji, tajiri, wote wanainama kusugua viatu, na mimi nawasimamia kama mwalimu wa zamu. Halafu nawapakia kwenye boti. Pengwini unawanusa kabla hujawaona. Wananuka samaki aliyesahaulika kwenye mfuko wa nailoni juani. Watu wanaziba pua, halafu wanawaona, halafu wanasahau kuziba.

Na barafu, Mjomba, si nyeupe. Kuna ya buluu, buluu inayotoka ndani kama kuna taa imewashwa. Vipande vinaelea vikubwa kuliko soko letu zima. Safari hii kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa mbele kabisa ya boti, mikono juu ya magoti, kama wewe ukisubiri kinyozi. Sikumwangalia sana. Ningemwangalia ningelia na usukani mkononi.

Sasa nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Umeandika "sisi huku". Sisi nani? Unaishi peke yako. Unafunga karakana mchana. Umepaka chumba changu rangi. Umefunga chuma bafuni, wewe ambaye uliteleza mle ndani ukavunjika jino na hukufunga kitu. Mjomba, umepata mwenzako?

Kama ndivyo, mimi nimefurahi, wallahi. Mwambie namsalimu sana, nitamheshimu kama mama, na namwomba akuruhusu hizo wiki tatu tu.

Kijiko


Nyumbani, 10 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mapacha wanasema asante, yaani wamelia. Mvua imenyesha ikaingia karakanani, kompresa mbili zimelowa lakini zitapona.

Barua hii nimeianza mara kadhaa, na kila nikifika hapa naona kazi nyingine ya kufanya.

Sijaoa, mwanangu. Nani anitake, na mikono inavyonuka gesi.

Ni mama yako.

Amekuja wiki ile ile uliyoondoka. Teksi ilimshusha mlangoni, dereva kamshika kwapani. Amepata kiharusi. Upande wa kulia haumtii. Maneno anayatoa polepole, ila usidhani ulimi umelainika, ni ule ule. Nimemlaza chumbani kwako kwa sababu ndicho kilicho karibu na bafu. Alinikataza nisikuambie. "Ukimwambia atakuja na hasira au atakuja na huruma," alisema, "na mimi sitaki chochote katika hivyo viwili." Nikamtii. Ni dada yangu, tangu utoto nimezoea kumtii.

Kwa hiyo siwezi kuja. Asubuhi namwogesha na kumvalisha, mchana namfanyisha mazoezi ya mguu, jioni tunabishana. Nilimtafutia msichana wa kumsaidia. Alidumu siku mbili, akaondoka analia.

Nilitaka kukuambia mapema. Kila nikishika kalamu nakuona ulivyokuwa na miaka tisa, nashindwa.

Ila naomba uelewe kitu kimoja: sikukatai wewe. Nimetafuta ramani ya huko kusini, nimeibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Wateja wananiuliza ni ya nini. Nawaambia mpwa wangu yuko pale, naweka kidole. Kwa kweli sijui kama ndipo ulipo. Naweka tu kidole.

Mjomba wako


Bandarini, 24 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Umempa chumba changu.

Alipoondoka akaniacha kwako, kwa mwaka mzima kila mtu aliyebisha hodi nilikimbia kufungua mimi. Postamani, wateja, mtu wa kusoma mita. Wewe uliona. Ukaanza kuacha mlango wa karakana wazi kutwa ili watu waingie bila kubisha. Ulidhani sikuelewa kwa nini tunakaa na mlango wazi hata mvua ikinyesha. Nilielewa.

Hakuandika. Hakupiga simu. Nilipomaliza shule, wewe ndiye uliyekaa kwenye viti vya wazazi, na lile shati lililokosa kifungo. Sasa yuko kwenye kitanda changu, anavalishwa na mikono iliyonivalisha mimi, na mimi natuma salamu, "nitamheshimu kama mama." Ulisoma maneno hayo huku ukijua ni yeye?

Mara ya kwanza alininyang'anya mama. Sasa ananinyang'anya wewe.

Nahodha ameniuliza jina la ndugu yangu. Sikumjibu. Hata wewe sijui nikujibu nini.

Kijiko


Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu,

Hasira yako imefika salama, haikupungua hata kidogo njiani. Una haki nayo. Afya zetu ni nzuri. Jana dada amesimama mwenyewe, ameshika chuma cha bafuni, nikahesabu mpaka ishirini bado amesimama, kisha akanifokea nisimhesabie kama mtoto.

Barua zako zote nilimsomea isipokuwa hii. Hii nimeisoma karakanani peke yangu. Lakini alimwona postamani dirishani.

"Leo hakuna barua?" akaniuliza.

"Ipo."

"Mbona husomi?"

"Hii ni yangu."

Akageuza uso kutoka dirishani. Halafu akasema, "Amejua."

"Amejua."

"Anasemaje?"

Mimi sijui kudanganya, unanijua. Nikamwambia, "Anasema umemnyang'anya mimi."

Aliangalia ukuta kwa muda, nikadhani amesinzia. Kumbe anatafuta maneno. "Ana haki," akasema. "Wewe nenda huko. Mimi nipeleke kwenye ile nyumba ya wagonjwa karibu na stendi."

"Sikupeleki."

"Basi wewe mjinga."

"Nimezaliwa na wazazi wale wale waliokuzaa wewe."

Akacheka. Anacheka na upande mmoja wa mdomo siku hizi, inamfanya aonekane ana siri.

Nikuambie na hili, ulifanye utakavyo. Jina lako halitaji. Anasema "yule wa melini". Lakini ile barua ya pengwini wanavyonuka, amenifanya niisome mpaka karatasi imeanza kuchanika penye mkunjo. Na tukifika pale uliposema nahodha na jaji wanasugua buti (najua ni daktari na jaji, yeye amemwongeza nahodha), anasema, "Na yeye anawasimamia." Anasema hivyo tu, anafumba macho.

Sikuombi umsamehe. Hilo si la kwangu kuomba. Wala sikuambii urudi. Mpe nahodha jina la rafiki yako yeyote, kitanda kisikae bure. Mimi barafu nimekwisha kuiona kwenye barua zako, inanitosha.

Uongo. Hainitoshi. Lakini nitaishi.

Mjomba wako


Bandarini, 15 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa ile barua. Sifuti kilichoandikwa, naomba radhi kwa namna nilivyokiandika. Huku baridi imeanza kukaza na ndege wengi wameshaondoka. Natumai mguu wa mgonjwa wako unaendelea kupata nguvu.

Tunaye mpishi wa mikate melini, mama mtu mzima, tunamwita Bibi Hamira. Wiki iliyopita alinikuta nasafisha boti niliyokwisha kuisafisha. "Hiyo boti imekukosea nini?" akaniuliza. Nikamweleza yote, nimesimama na brashi. Hakunipa nasaha, yeye si mtu wa nasaha. Aliuliza tu, "Huyo mjomba akitoka, kazi yake nyumbani anaweza kuifanya nani?"

Nikasema hakuna. Akarudi kwenye mikate yake.

Nilikaa na lile "hakuna" siku mbili baharini. Halafu nikaenda kwa nahodha, nikamwambia ndugu yangu anakuja safari ya mwisho, ila mimi nashuka. Akadhani natania. "Wewe ndiye mwenyeji wake," akasema. Nikamwambia kwetu mwenyeji anaweza kumwachia mgeni nyumba. Amecheka, amekubali. Boti yangu ataiendesha mwenzangu, na Bibi Hamira amesema atakutunza, ujiandae kunenepa.

Tiketi yako iko ndani ya bahasha hii. Usiipoteze kama ulivyopoteza miwani. Nitafika nyumbani asubuhi ya tarehe mbili Machi na ndege yako inaondoka mchana wake. Nilijaribu tupate angalau siku moja. Haikuwezekana.

Usije ukafikiri moyo wangu umelainika juu ya mama. Sijui nitamwambia nini. Nitamwogesha, nitamvalisha, nitamfanyisha mazoezi. Maneno siahidi.

Mimi nilitaka tusimame wewe na mimi, nikuoneshe kwa kidole, useme lile neno lako, "Ala!" Nimelitamani hilo misimu mitatu. Sasa utalisema na mimi sitalisikia. Lakini kati ya usione kabisa na uone bila mimi, nimechagua. Usibishane, barua haikatiki.

Kijiko wako


Melini, kusini, 12 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwako, na kwa dada. Natumai dawa za asubuhi unampa baada ya kula.

Zile saa chache tulizokuwa pamoja nimezijutia. Tumeongea funguo, vidonge, na ule mfereji unaotakiwa kuzungushwa kinyume. Mlangoni nilikuwa na neno la kukuambia, dereva akapiga honi. Nilipokaa kwenye ndege nikalikumbuka lote, nikamwambia dirisha.

Bahari ya kuvuka kuja huku sitaisahau. Nililala sakafuni nimekumbatia mguu wa kitanda, najuta kukufahamu. Bibi Hamira aliniletea mkate mkavu akasema, "Kula, angalau uwe na cha kutapika." Ni mwanamke mkali. Anamkumbusha mtu dada yangu.

Kisha asubuhi moja meli ikatulia. Nikafungua pazia.

Sikusema "Ala."

Nilisugua buti, nikasimamiwa na kijana mwenzako. Tukapanda boti, tukaenda mpaka katikati ya yale mabonge ya buluu, akazima injini. Kijiko, nisikilize. Maisha yangu yote, penye ubaridi pana mngurumo. Friza ikinyamaza ujue imekufa, nachukua sanduku la vifaa nakimbia. Pale hakukuwa na mngurumo. Nilikaa nasubiri uanze. Masikio yangu yalikuwa yanautafuta, nikainama mpaka mama mmoja akanishika koti akidhani naanguka. Haukuanza. Baridi yote ile, na hakuna anayeiendesha.

Hapo nikalia. Yule mama akanipa leso, naye akawa analia, sijui machozi yake yalikuwa ya nini.

Nikageuka kushoto kukuambia, "Kijiko, tazama." Kushoto alikuwa bwana mmoja mwenye ndevu ambaye hajui neno moja la lugha yetu. Nikamwambia hivyo hivyo, "Tazama." Akatazama.

Nitaona mengi siku zilizobaki, na yote nitageuka kushoto.

Barua hii nimempa mtu wa kituo cha watafiti, wana posta ndogo kama kibanda cha sigara. Amesema itafika baada yangu. Si kitu. Nimeona nikuandikie nikiwa hapa, maana nikifika nyumbani nitaongea habari za kutapika tu.

Mjomba wako


Nyumbani, 14 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeituma hii kwa njia ya haraka kwenye hoteli ya bandarini ikusubiri, uisome kabla ya kupanda ndege. Sisi huku wazima. Ndiyo, nimeandika sisi.

Muuza nyama amekuja kulalamika friza haigandishi. Nimekwenda, nimefunga mlango, nimerudi. Ramani yako nimeiona. Unapoweka kidole pameshakuwa na doa la grisi, na si mbali sana na tunapopita. Nakaa pale mezani jioni nikipima uko wapi leo. Nilidhani anayeondoka ndiye anayetamani zaidi. Wewe umekaa na ramani hii hukuwahi kulalamika.

Siku za kwanza hatukuongea. Nilimvalisha blauzi, akasema, "Mjomba wako huanza na mkono mbovu." Nikaivua, nikaanza na mkono mbovu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya siku nzima. Kesho yake nikamfanyisha mazoezi ya mguu, akanipiga teke kwa bahati mbaya, au labda si bahati mbaya, nikacheka kabla sijajizuia. Ndipo akaniuliza kama wale ndege wananuka kweli vile. Nikamwambia wananuka zaidi, karatasi haibebi. Akataka kujua wanalala wapi, wanawatambuaje watoto wao kwenye kundi lile. Nikamweleza kwamba ni kwa sauti. Mzazi akirudi kutoka baharini anaita, na mtoto anaijua ile sauti kati ya maelfu. Akageukia ukuta, na mimi nikaenda kufua.

Juzi nilikuwa namwosha nywele. Ana mvi nyingi na zimekuwa laini kama za mtoto. Nimeinama juu ya beseni, akasema bila kuulizwa, "Ile asubuhi sikukuamsha."

Nikaendelea kumimina maji.

"Nilisimama na begi," akasema. Unajua anavyotoa neno moja moja. "Ulikuwa umelala mdomo wazi. Nikasema, akifungua macho, siendi. Nikatoka kwa ncha za vidole."

Hakuniomba msamaha, na mimi sikumpa. Maji yalikuwa yamepoa, nikaenda kuchemsha mengine. Jikoni nilikaa zaidi ya yalivyohitaji kuchemka. Niliporudi alikuwa bado ameinamisha kichwa vile vile, shingo inatetemeka kwa kuchoka. Hakuwa ameinuka, sijui ni kwa kuogopa povu au kwa kunisubiri. Nikammalizia kumwosha.

Leo asubuhi tumekaa dirishani anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, anamwaga kidogo, simsaidii, hapendi. Akaniuliza, "Na wewe unaondoka lini tena?"

"Msimu ukianza, mwezi wa kumi na moja. Kama nitakwenda."

"Utakwenda," akasema. Akakiweka kikombe chini, ikamchukua muda. "Hata kama ni alfajiri, niamshe."

Nikamwambia nitamwamsha.

Kijiko